Mwashi Niliyemwacha Haarlem

Winnie na Patrick, tangu nitangaze kwamba naacha kazi ya kuongoza wasafiri na kuwaachia ninyi, mmekuwa mkiniambia, "Auntie, andika hayo mambo kabla hujayasahau." Sitayasahau. Kusahau kungekuwa raha. Lakini nimeketi hapa Stafford, Texas, nje kuna joto la kumfanya mtu amchukie jirani asiyemjua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa hakuna anayenipigia simu kuuliza kama Uholanzi kuna ugali. Basi nitaandika, nanyi mtasoma mkiwa na watu kumi na wanne nyuma yenu, wote wanatafuta choo.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyote viwili vilikuwa vidogo na havikunifundisha kitu.

Ofisi mnaijua: chumba kimoja kati ya saluni ya kusuka na duka la unga na samaki wakavu. Bosi wetu, Bwana Mutiso, alikuwa ameng'amua jambo moja la akili maishani mwake. Aliona kwamba Wakenya na Wakongo wa Houston na Dallas wakienda nyumbani, wengi hubadilisha ndege Amsterdam, na hukaa kwenye viti vya uwanja saa saba wakilinda mizigo kana kwamba nje ya ukuta ule hakuna nchi. "Kwa nini wasishuke?" akasema. Ndipo akaanza kuuza safari aliyoiita Uholanzi siku nne, halafu nyumbani: picha za kale, majumba ya kale, muziki wa makanisani. Akahitaji kiongozi. Mimi nilikuwa mkata tiketi, ila kabla ya kuja Texas nilifundisha historia sekondari kule Bungoma. "Historia ni historia, Sabina," akasema. Alikosea, lakini tiketi yangu ilikuwa imeshakatwa.

Kundi langu la kwanza lilitoka kanisa moja la Missouri City. Watu kumi na mmoja, watano wauguzi, kwa hiyo kila nilichosema kilisahihishwa. Nilikuwa nimesoma kitabu kimoja ndani ya ndege. Tulipofika kwenye makumbusho niliwasimamisha mbele ya picha ya meza: limau limemenywa nusu, ganda linaning'inia, glasi ya divai, na sungura amelala ubavu. Nikakohoa kama mwalimu. "Hiki," nikasema, "ni chakula cha jioni cha tajiri."

Muuguzi mmoja, Sista Naomi, aliinama akaitazama meza ile kama anayetazama kidonda. "Mwalimu, huyu sungura hajachunwa. Na limau limeanza kukauka kingo. Hapa hakuna mtu atakula."

Wenzake wakacheka. Nyuma yangu akacheka mtu mwingine, mwanamke mrefu wa Kiholanzi aliyevaa koti la mvua ndani ya jengo kavu. Alikuwa Tineke, mwongoza wageni wa pale ambaye Mutiso alimkodi anisaidie. Alikuwa amesimama hapo dakika kumi akinisikiliza nikijiaibisha.

"Huyo muuguzi ameona vizuri kuliko wewe," akaniambia, mbele ya watu. "Picha yenyewe inasema hivyo hivyo, kwamba vitu vizuri havikai. Wewe umesoma. Yeye ametazama."

Nilimchukia siku mbili nzima. Halafu nikawa mwanafunzi wake kwa miaka iliyobaki, na mengi mnayodhani ni ujuzi wangu ni yake. Picha sita kwa siku, zisizidi. Ya saba hawaioni. Wanaona miguu yao. Usiwaambie kamwe kwamba picha ni maarufu, maana ukisema hivyo wataipiga kwa simu na kuondoka. Waulize mwanga unaingia kwa dirisha gani, halafu unyamaze. Nyumba za mferejini zitazamwe kutoka ng'ambo ya maji, siyo chini yake. Beba kiti cha kukunja na chupa ya pilipili, maana mkate wa baridi wa mchana umevunja mioyo mingi kuliko mvua. Na kila asubuhi piga picha ya kundi lote, kuanzia kichwani hadi viatuni. Makoti watabadilishana. Viatu hapana.

Mwiko mmoja nilijiongezea mwenyewe: usibishane na mtu anayelalamika juu ya kutembea. Nimepata mabwana wazima kutoka Grand Prairie ambao nyumbani hu-drive kwenda kuchukua barua mwisho wa barabara yao, na wakifika Delft wananiuliza kama hakuna basi la kuvuka uwanja.

Ngazi nazo. Nyumba za wafanyabiashara wa zamani ni nyembamba kwa sababu kila mtu alitaka mlango wake uangalie mfereji, kwa hiyo ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini. Mama Jerusha wa Missouri City alipanda vizuri hadi orofa ya tatu, akaona dari lililochorwa mawingu, akalisifu. Halafu akatazama chini.

"Sabina mwanangu," akasema, "nilipanda kwa imani. Ya kushukia sina."

Tulikaa pale saa nzima. Tineke, akijaribu kumtuliza, akamweleza kuhusu ile ndoano ya chuma iliyo juu ya kila nyumba, kwamba makabati yalivutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani kwa kuwa ngazi hazifai. Halikuwa jambo la busara. "Basi kabati lilifikiriwa," akasema Mama Jerusha, "mimi sikufikiriwa." Mwishowe alishuka kinyumenyume, ameketi, ngazi moja baada ya nyingine, akiimba wimbo wa tenzi kwa sauti kubwa, na mlinzi wa nyumba akampigia makofi.

Na muziki! Mutiso alidhani muziki ndio utakaokuwa rahisi, watu wetu ni watu wa kwaya. Mara ya kwanza kengele za mnara zilipoanza kupigwa juu ya vichwa vyetu, zile nyingi zinazotoa wimbo mzima, kundi lote lilisimama kimya na mtu akauliza, "Nani amekufa?" Ilinibidi nieleze kwamba kuna mtu ameketi huko juu anapiga mbao kwa ngumi, kwa furaha tu, na hakuna msiba. Ndani ya kanisa la kinanda kikubwa cha mabomba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mhasibu mmoja wa Sugar Land, Bwana Gitau, alisafiri nasi mara tatu, na mara ya kwanza alimpigia shemeji yake wa Houston katikati ya tamasha, simu ya picha, sauti wazi. Kinanda kilipopumua kidogo kanisa zima likasikia, "Hello? Hello? Ni nini hiyo inalia hapo?" Kuna mzee wa Kiholanzi aliyegeuka akanitazama mimi, siyo Gitau. Mimi ndiye niliyebeba kiti cha kukunja.

Nimeyasema haya mjue hali yangu ilivyokuwa. Baada ya miaka tisa ya hayo nilikuwa mtu mwenye hasira za karibu. Nilihesabu watu kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani. Na hapo ndipo akaja Mzee Fariala.

Alikuwa Mkongo wa upande wa Uvira, umri kama miaka sabini, anaishi Grand Prairie kwa binti yake Neema na anafunga maboksi kwenye ghala. Neema alim-drive mwenyewe hadi Houston, saa nne barabarani, akanikabidhi pale uwanja wa ndege. Yeye ni mhudumu wa wazee, anajua kukabidhi mtu.

"Auntie, baba ana sukari," akaniambia. "Anajidunga asubuhi, lazima ale mchana. Sikio la kushoto halisikii vizuri, ni mashine za ghala. Umuangalie sana."

"Nitamuangalia."

Alikuwa anakwenda Bujumbura kumwona mdogo wake wa kike, ambaye hawakuonana tangu walipokimbia vita, kila mmoja njia yake. Pasipoti yake ya Marekani ilikuwa mpya hata kuifungua ilikuwa kazi. Ndege ya Nairobi ilikuwa asubuhi ya siku ya tano.

Siku ya kwanza, Amsterdam, tulimpoteza. Nilimkuta mtaa wa nyuma amesimama, pua karibu iguse ukuta. "Mzee, tunakungoja!" Akasema pole. Siku ya pili, Delft, tulimpoteza mara mbili. Kila nilipomwita alijibu "dakika mbili, dada", na dakika hizo hazikuwahi kuwa mbili. Watu wakaanza kunung'unika. Bwana Gitau, ambaye hii ilikuwa safari yake ya tatu na tayari alijiona mwenyeji, akaniambia, "Sabina, sisi wote tuna saa."

Siku ya tatu, mvua ikinyesha, tukiwa tumesimama kwenye kituo cha tramu tukimsubiri tena, nilimsemesha mbele ya watu. Nilimwambia, "Mzee, hapa si kijijini." Neno lenyewe ndilo hilo, sijalipunguza. Mzee alifunga kifungo cha juu cha koti lake. Siku ile nzima alitembea nyuma yangu kabisa, karibu anikanyage.

Siku ya nne tulikwenda Haarlem kusikiliza kinanda. Wakati wa kuingia kanisani alinipa mkoba wake mdogo mweusi nimshikie aende msalani, na baadaye akakaa mbali, nami nikabaki na mkoba begani bila kufikiri. Kinanda kilipigwa vizuri, hakuna aliyepiga simu, nikadhani Mungu amenikumbuka. Baada ya hapo Tineke akatuaga, kwa kuwa anaishi mji ule ule, nami nikawapa watu muda wa kuzunguka sokoni. Tukutane kituoni saa kumi kasorobo. Saa kumi na moja tulikuwa na tamasha la kwaya kule Amsterdam.

Wote walifika. Mzee Fariala hakufika.

Sista Naomi, yule wa sungura, alikuwa nasi safari ile pia. Akasema, "Tumngoje, tupande inayofuata. Si ziko kila robo saa?"

Ndiyo, zilikuwa kila robo saa. Nataka mlijue hilo vizuri. Sikulazimishwa na kitu chochote. Nilimwona Gitau anatazama saa yake, nikahisi damu inapanda, nikasema, "Treni haimngoji mtu mmoja. Ana mdomo, atauliza." Nikawahesabu kumi na watatu, tukapanda. Nitakiri jambo jingine: milango ilipofungwa nilisikia raha. Nilijiambia atajifunza.

Raha ile ilidumu kituo kimoja. Naomi alikuwa ameketi mbele yangu. Akaniangalia begani.

"Sabina, huo si mkoba wa mzee?"

Niliufungua juu ya magoti. Pasipoti. Simu yake, imezimwa. Kipimo cha sukari, pakiti ya biskuti, karatasi yenye namba ya mdogo wake kwa mwandiko wa Neema.

"Alijidunga asubuhi," Naomi akasema. "Mchana alikula nini?"

Nikakumbuka mkate wa baridi na jibini, ameuacha kwenye sahani, nami nikiwa nimechoka hata kuuliza kwa nini.

Naomi hakunigombeza. Wauguzi wakiacha kugombeza ndipo uogope. Akasema tu, "Tunashuka kituo kinachofuata." Nilimpa Gitau tiketi za tamasha na orodha ya watu, tukashuka wawili, tukavuka daraja la reli tukikimbia kuwahi treni ya kurudi, mimi na magoti yangu.

Kituoni Haarlem hakuwapo. Kanisa lilikuwa limefungwa. Sokoni walikuwa wanakunja meza. Nilimpigia Tineke, akaja kwa baiskeli, nywele zimelowa, miguuni ndara za nyumbani. Sikupata hata kumaliza maelezo.

"Alikuwa anatazama nini?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mzee. Akipotea, mnamkuta anatazama nini?"

"Sijui."

"Siku nne naye, na hujui."

Nilitoa simu nimwonyeshe sura yake, zile picha za asubuhi. Tukazitazama watatu, moja baada ya nyingine. Katika picha zote nne watu kumi na watatu wanaangalia kamera, na Mzee Fariala amegeuka nusu, anaangalia ukuta ulio nyuma yao. Ya tatu alikuwa ameweka kiganja juu yake.

"Matofali," akasema Tineke. Akafikiri kidogo. "Kuna nyua za zamani hapa mjini, nyumba ndogo ndogo zilizojengwa kwa ajili ya wanawake wazee wasio na mtu. Mlango wa mtaani hufunguliwa mchana. Huko matofali hayajaguswa sana."

Ua wa kwanza ulikuwa umefungwa. Wa pili uko mwisho wa kichochoro ambacho nimekipita mara nyingi bila kugeuza shingo. Tulisukuma mlango, na hapo palikuwa na bustani ya mraba, vijumba vimeizunguka, na Mzee Fariala ameketi kwenye kiti cha jikoni katikati ya wanawake watatu wazee wa Kiholanzi. Mkononi ana kikombe. Mmoja wa wale wanawake alijua Kifaransa. Alimkuta ameegemea ukuta, jasho linamtoka na mikono inatetemeka, akamnywesha maji ya sukari kwanza, maswali baadaye. Mjukuu wake ana ugonjwa huo huo. Ndiyo bahati yetu yote, hakuna akili yangu ndani yake.

Naomi alipiga magoti akampima. Sukari ilikuwa inapanda. Akampa biskuti, akakaa amemshika kifundo cha mkono.

Mzee akaniangalia mimi.

"Dada, uliniacha."

"Ndiyo, mzee."

"Nilifika kituoni. Nikaona treni inaenda. Nikaona kichwa yako dirishani. Nikarudi hapa."

Nilimnyooshea mkoba wake.

"Na mufuko yangu ulikuwa nayo. Paseporo yangu. Nilikaa kambini miaka kumi na saba nikingojea karatasi, dada. Miaka kumi na saba. Ukaenda nayo."

Nimefanya kazi na watu miaka mingi na nimetukanwa kwa lugha sita. Hakuna aliyewahi kunipiga kama mzee yule kwa sauti ya chini, huku akitafuna biskuti. Nilisema nisamehe. Hakusema ndiyo. Alitazama pembeni.

Naomi ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza Houston. "Mzee, unatazama nini kwenye hizi kuta?"

"Miye nilikuwaka maçon," akasema. Mwashi. "Frère mumoja wa misioni alinifundisha nikiwa kijana. Nilijenga masomo, ile munaita shule, nilijenga dispensaire ya wagonjwa, nilijenga kanisa mbili. Hapa naona kazi ya watu wenye kujua."

"Mbona hukutuambia?" nikauliza.

"Hamukuniuliza. Mulisema tu nimechelewa."

Akasimama, Naomi akimshika kiwiko, akatuonyesha. Tofali la ubavu, tofali la kichwa, ubavu, kichwa, mstari wa juu unakaa katikati ya wa chini, ili ukuta ujifunge wenyewe. Matofali madogo ya manjano, chokaa katikati nyembamba kama ukucha. Alitupitisha hadi pembeni penye kiraka, mahali ambapo mimi nisingeona chochote. "Hapa mutu amedanganya," akasema. "Ametia sima, hii saruji. Chokaa inapumua, sima haipumue. Maji inabaki ndani, inapasua ndugu zake." Yule mwanamke aliyejua Kifaransa alipotafsiriwa akacheka na kupiga paja. Kiraka kile kilirekebishwa miaka michache tu nyuma, na kila baridi ikiisha kinapasuka, na kila mwaka wanaandika barua. Tineke alikuwa ameleta wasafiri katika ua ule zaidi ya miaka ishirini. Aliinama, ndara zake zikiwa matopeni, akatazama kiraka kama mtoto wa shule.

Tamasha lilitupita. Jioni kwenye chakula nilisimama mbele ya kundi nikasema nilichokifanya, chote, pamoja na mkoba na ile habari ya kila robo saa. Gitau alitazama sahani yake. Baadaye alinifuata kusema kwamba kwaya iliimba vizuri sana, na hakuwa amempigia mtu. Nadhani hiyo ilikuwa pole yake.

Asubuhi ndege ya Nairobi tuliiwahi. Mlangoni Mzee Fariala alinipa mkono. "Asante, madame," akasema. Siku zote alikuwa akiniita dada.

Neema alinipigia kabla sijatua Houston, ujumbe ulinisubiri. "Auntie, nilikuambia umuangalie." Mutiso akanirudisha kwenye kaunta msimu mzima. Alikuwa na haki, ingawa kwa sababu mbaya: kilichomsumbua ni yale ambayo makanisa ya Dallas yangesema. Mzee aliporudi nilishika barabara hadi Grand Prairie, Jumamosi, na kreti ya maembe ambayo sasa naona ilikuwa ya kijinga. Neema alifungua mlango bila tabasamu. Binti yake mdogo akauliza kwa Kiingereza, "Is that the lady?" Ndiyo, nilikuwa yule lady.

Mzee alinionyesha picha za mdogo wake kwenye simu, zote, nyingine mara mbili. Nikaomba radhi upya, mbele ya binti yake. Akanisikiliza kwa lile sikio zima.

"Hasira yangu iko bado," akasema. "Lakini kula kwanza."

Nilikula ugali wa muhogo na sombe, yale majani yake yaliyotwangwa, nikarudi Stafford tumbo limejaa na moyo umekunjamana, na nikaandika swali jipya kwenye fomu ya kujiandikishia safari: Kabla ya Marekani ulikuwa unafanya kazi gani? Mutiso alisema ni kupoteza wino. Swali hilo mnalo hadi leo, na nasikia mnalipita haraka. Msilipite. Kuna mshonaji wa Bukavu aliyekaa mbele ya picha ya mwanamke mwenye kola ya lasi muda ambao ningeonyesha picha zangu zote sita, halafu akanieleza ni sindano ngapi zilihitajika. Kuna mvuvi wa Kisumu aliyeniambia samaki gani kati ya wale waliochorwa walikuwa wameoza. Mmoja aliandika, "Nilikuwa mtoto." Huyo sikujua la kumfanyia. Nilimnunulia chapati za Kiholanzi zenye sukari.

Miaka miwili baadaye jina la Mzee Fariala lilikuja kwenye meza yangu tena, na la Neema chini yake. Mutiso akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika sina, lakini kiti kipo.

Haarlem mvua ilinyesha, kama kawaida yake. Yule mwanamke aliyejua Kifaransa alitufungulia ua mwenyewe. Nilikuwa nimewaambia watu robo saa. Mzee alisema nao kwa Kiswahili chake, polepole, mkono juu ya ukuta, na robo saa ikapita, na saa nzima ikakaribia, na viatu vyangu vikajaa maji, na wauguzi wawili wakaniuliza kwa macho kama nitafanya kitu. Sikufanya kitu. Nilikuwa nimekereka hadi kwenye meno, na nilinyamaza.

Neema alisimama karibu na baba yake. Alizaliwa njiani, akakulia kambini, na kule Texas alimjua baba yake kama mzee anayerudi kutoka ghalani na mgongo unauma. Hakuwahi kumwona ameshika mwiko wa uashi.

"Baba," akauliza, "hizo ulizojenga wewe, ziko bado?"

"Sijui."

"Ulipokwenda Bujumbura hukuvuka mpaka kwenda Uvira kuangalia?"

"Niliogopa." Alifuta maji usoni. "Kama zimeanguka, nitakuwa nimefanya kazi gani duniani? Kufunga maboksi?"

Neema akanigeukia mimi, siyo yeye. "Auntie, tiketi zetu zinaishia Bujumbura. Unaweza ku-change turudi wiki moja baadaye?"

Nilimpigia Mutiso pale pale, nimejibanza chini ya ukingo wa paa. Houston kulikuwa bado asubuhi, hajanywa chai. Alilalamika kuhusu ndege, kuhusu bima, kuhusu mimi. Nikamwacha alalamike hadi akamaliza, halafu nikamtajia tarehe.

Kulikuwa shwari kidogo upande ule wakati huo, wakavuka. Siku tisa sikusikia kitu, na nilikuwa mkali kwa kila aliyeingia ofisini. Siku ya kumi ikaja picha. Zahanati isiyo na paa, majani yameota ndani, madirisha yamebebwa na watu. Mbele yake Mzee Fariala, ameshika uzi wenye jiwe limefungwa mwishoni, ameuning'iniza kando ya kona ya ukuta. Chini yake sauti yake, sekunde chache tu, upepo mwingi:

"Dada, paa hakuna. Lakini ukuta iko wima. Nimepima."